Kupeleka bia za Yaya kwa Baba Feza

Rafiki zangu wa Kindu,

Kabla ya yote mnihurumie kwa mwandiko. Shule yangu iliishia ya msingi, herufi zangu zinalala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na kuna maneno nimeyaandika namna mbili kwa kuwa sikujua ipi ni ya kweli. Chagueni wenyewe. Mmenipigia simu wote watatu mkiuliza mambo yalikwendaje, na kila mara nilijibu "vizuri" kisha nikanyamaza. Haikuwa kiburi. Kwenye simu maneno hunikimbia. Kwa kalamu ninayakamata moja moja, na leo mvua imezuia kazi ya matofali, kwa hiyo nina nafasi.

Mnakumbuka Yaya Kitenge, kaka yangu, aliporudi kutoka Goma na mfuko wa maua makavu, tukamcheka kwamba wenzake wanarudi na redio. Kule alifanya kazi kwa mtu anayepika bia yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Sasa Yaya anapika hapa Kasongo, kidogo kidogo, kwenye sufuria kubwa ya mama, na anapika aina mbili. Moja ni nyeusi, nafaka yake imekaangwa mpaka karibu iungue, na povu lake lina rangi ya chai ya maziwa. Huko Goma wanaiita stauti. Nyingine ina rangi ya mawese mapya, na uchungu wake unatoka kwenye yale maua. Hiyo wanaiita IPA. Nyumbani hatuwezi kusema majina hayo bila kucheka, tunasema tu Nyeusi na Chungu.

Basi Yaya anampenda Feza wa Kabambare. Tulipotuma watu kuuliza, baba yake alijibu kwamba mkulima akiposa kwake huleta mpunga wa shamba lake, mwindaji huleta nyama, na huyu anayejiita mpishi wa bia alete bia. Ataionja, kisha atajibu. Kama kazi ya mtu haina ladha, alisema, mutoto wangu atakula nini? Na kwao mposaji habebi kikombe chake mwenyewe. Hubebwa na mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo wa Yaya wa tumbo moja niko mimi peke yangu, mimi ambaye nikiambiwa karibu dukani ninatoka.

Kasongo, asubuhi ya kuondoka

Yaya alinifundisha kuonja kabla sijaondoka, ili nisimwaibishe nikiulizwa. Unatazama rangi, unanusa, unajaza kinywa, unazungusha polepole, halafu unatema. Nilimuuliza kwa nini nitupe kitu kizuri. Akasema fundi wa bia hamezi, akimeza kila kikombe hataona tena tofauti ya bia na maji ya mchele. Alitaka pia kila atakayeonja njiani aseme alama, juu ya kumi, kama shuleni, nami nizishike kichwani.

Nyanya alinisubiri mlangoni na kikombe cha maji. Alijaza kinywa, akaniambia nifungue viganja, akanipulizia maji yote, pfuu, mpaka usoni, ndivyo wazee wetu wanavyombariki anayeondoka. Mimi nikaanza kujipangusa kwenye suruali. Akanipiga kofi dogo la mkono.

"Usipanguse. Ile ndiyo njia yako. Iache ikauke yenyewe."

Nikapanda moto, ile pikipiki ya kukodi, mikono imenyooka mbele kama mtu anayebeba sinia, na watoto wa mtaa wakanicheka mpaka kwenye kona.

Barabara, na shati langu

Mwenye moto alikuwa Amisi, mnamjua, yule anayeongea na kila mtu mpaka na mbuzi. Amisi ni Mwislamu wa kweli, hanywi, lakini alikubali kubeba kasha la chupa kwa sababu, alisema, alishawahi kubeba maiti, na nguruwe, na mwalimu aliyelia njia nzima. Kasha lilifungwa nyuma yangu kwa mipira. Mimi nilikaa katikati, magoti yangu yakigusa masikio ya Amisi kila shimo.

Na mashimo mnayajua. Bia ya Yaya iko hai ndani ya chupa, alinieleza hivyo, lakini hakunieleza kwamba haipendi kutikiswa. Tulipopita kijiji cha pili nilisikia nyuma yangu mlio kama mtu anapiga kofi ukutani. Amisi akasimamisha, akaenda nyuma, akainama aangalie ni chupa gani imepasuka. Hapo Chungu nyingine ikapasuka mbele ya uso wake.

Alisimama hapo akidondosha povu toka kichwani mpaka mkanda. Yeye akalamba? Hapana, msidhani. Alifunga mdomo kwa nguvu kama mtoto anayekataa dawa, akanusa mkono wake, akanusa tena.

"Hii inanuka machungwa," akasema. "Machungwa na majani ya mvua. Mupe saba."

Nikamwambia yeye hanywi, atatoaje alama.

"Kilichokatazwa ni kinywa. Pua haikusikia."

Lakini saa ya sala ilikuwa karibu, na hawezi kusimama mbele ya Mungu akinuka hivyo. Tukatafuta kijito. Amisi akaoga kwa sabuni yangu yote, akafua nguo zake, akazitandaza juu ya kasha zikauke. Alibaki na taulo, na kwa taulo pia hakutaka kusali. Nikafungua mfuko wangu nikampa shati langu jeupe, lile la kuvaa kwa wakwe. Lilimkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi. Alipomaliza kusali tukaondoka, akisema atanirudishia langu, lake likikauka. Kabla halijakauka, Nyeusi moja ikapasuka chini yake. Basi yeye akaendelea na shati langu, na mimi na fulana yangu ya kuchezea mpira yenye harufu ya machungwa.

Mbele kidogo vijana waliokuwa wanafukia mashimo walifunga barabara kwa kamba. Waliomba kitu cha kazi yao, wakaona kasha. Niliwapa chupa nikiwaomba alama tu. Nyeusi waliipa nane, mmoja akasema iko sawa na kahawa iliyooa, imetulia. Ya Chungu walikunywa wakatazamana. Mkubwa wao akamwita mwenzao aliyelala kivulini akitetemeka na homa, wakamnywesha yote iliyobaki.

"Ya uchungu hivi iko dawa," akaniambia. "Dawa haipewi alama."

Wamaza: pale nilipotema

Wamaza tulifika jua likiwa bado juu, tukiwa na njaa mbaya. Amisi alinipeleka kwa Mama Zawadi, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, anayepika pombe ya mahindi na kuiuza chini ya banda la majani nyuma ya nyumba yake. Alitupa bugali ya muhogo na sombe ya majani ya muhogo iliyojaa mawese, na samaki mdogo juu yake kama kofia. Nilikula mpaka nikasahau aibu.

Amisi kwa mdomo wake mrefu alishaeleza banda zima safari yetu. Mama Zawadi akaomba kuonja. Alikunywa Nyeusi ya Yaya taratibu, macho ameyafumba, watu wakisubiri.

"Huyu yaya yako anajua moto," akasema. "Aliacha nafaka mpaka ikataka kulia, halafu akaitoa. Mupe tisa. Ile moja nabakisha, asivimbe kichwa." Kisha akachota pombe yake kwa kibuyu, akanywa kidogo yeye mwenyewe kwanza, akanipa. "Sasa wewe, fundi. Onja yangu na mbele ya batu useme."

Watu wote wakanigeukia. Mnajua mimi watu wakinigeukia inakuwaje. Kichwa kilibaki na kitu kimoja tu, mafundisho ya Yaya. Nikatazama rangi. Nikanusa. Nikajaza kinywa, nikazungusha. Nikageuka nyuma ya benchi nikatema.

Mzee mmoja aliyekuwa anapeleka kikombe mdomoni akakirudisha chini. Jirani yake naye akakiweka. Nikasikia vikombe vinashuka kimoja kimoja, mpaka vyote vikawa chini, na kuku peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

"Ametema," mtu akasema.

Ninyi mmekaa sana mjini, kwa hiyo niwakumbushe. Mwenye pombe akinywa kwanza mbele yako ameapa kwamba hakuna sumu. Ukiitema baada yake, umemwambia kwa mdomo wako kwamba ameapa uongo. Kutukana mama yake ingekuwa nafuu. Na mwanamke anayeishi kwa kuuza pombe, habari ya namna hiyo ikitoka bandani kwake, kesho hana mnunuzi.

Mama Zawadi hakupaza sauti. "Mutoto, umeona nini mu pombe yangu?"

Nilifungua mdomo. Hakuna. Amisi akataka kunisaidia, akasema iko kazi yangu, mimi ninapima. Akaulizwa ninapima nini. Akafikiri akasema ninapima kila kitu kilicho ndani. Hapo shemeji wa Mama Zawadi, mrefu mwenye shoka begani, akasimama.

Nilifanya kitu pekee nilichoweza bila maneno. Nilichukua kibuyu kilekile nikanywa mpaka chini, nikakigeuza waone hakidondoki. Watu wakaguna kidogo, kwa wema. Shemeji akasema huenda sumu ilikuwa juu tu. Nikanywa cha pili. Akasema huenda iko ya kungoja. Nikanywa cha tatu nikamtazama, na nasikia nilimwambia nitangoja naye, na kwamba shoka lake ni zuri, na kwamba mimi tangu utoto nilitaka shoka kama lile. Banda zima likacheka, vikombe vikapanda tena. Kutoka hapo ninayojua nimeambiwa na Amisi. Nasikia niliongea. Nasikia niliongea kuliko yeye, nikasimama juu ya benchi nikaipa pombe ya Mama Zawadi kumi juu ya kumi, nikamwomba kuku naye aseme yake.

Asubuhi Mama Zawadi aliniletea uji na akakaa mbele yangu. Alisema alama ya mlevi haihesabiwi, niseme sasa. Nikaonja tena, kidogo, nikameza. Nikasema tisa. Akauliza moja imekwenda wapi. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba kuna moshi kwa mbali. Alinitazama, nikaogopa shoka linakuja, halafu akapiga paja lake kubwa akacheka.

"Iko sufuria mupya. Namuambiaga mume wangu kila siku inatia moshi, hasikii." Aliponisindikiza kwenye moto alinishika sikio kwa upole. "Huko kwa bakwe, meza."

Habari inakimbia kuliko moto

Hatukuwa peke yetu barabarani siku hiyo. Wakati mimi ninakunywa uji, moto nyingine zilishatoka Wamaza kwenda Kabambare, na kila moja ilibeba chumvi, sabuni, na habari ya kijana kutoka Kasongo anayetema pombe za watu. Katika kijiji cha kwanza mwanamke alituuzia ndizi za kuchoma na karanga, akamuuliza Amisi kama tumekutana na yule mtu. Amisi akajibu ndiyo, ni mbaya sana, ana meno mawili tu. Nikala ndizi yangu nimeinamisha uso. Katika kijiji kilichofuata walisema nilitema mitungi mitatu na mwanamke mmoja amezimia.

Mimi nilicheka, Amisi alicheka mpaka akakosa njia tukaingia kwenye majani. Lakini kwenye majani yale kasha lilipiga kisiki, na nilipolifungua kicheko kikakatika. Nyeusi zilibaki chache. Chungu ilibaki moja. Nikaitoa, nikaifunga kwa taulo, nikaikumbatia kifuani njia yote iliyobaki, na kila shimo niliinuka kwenye kiti ili nilipokee kwa miguu yangu, lisifike kwenye chupa. Nilikuwa nikiongea nayo. Nilimwambia Amisi ninaomba Mungu, na hilo pia lilikuwa kweli.

Kabambare

Baba Feza ni mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mikubwa kuliko yeye. Alitungoja uani na ndugu zake wamekaa kwenye viti kwa mstari, wanawake upande wa jiko. Nilimwona Feza nyuma yao, amesimama ameshika nguzo. Alinitazama mara moja, na jicho lile liliniambia kwamba habari ya Wamaza imefika.

Mtaona ubaya wa lile shati jeupe. Amisi aliingia mbele, msafi, akisalimia kila mtu kwa jina la ukoo wake. Mimi nilifuata na fulana yenye madoa, nimekumbatia taulo kama mgonjwa. Wakamkaribisha Amisi kiti cha heshima, na mimi wakanionyesha pale moto iliposimama. Na nikaenda. Nawaambia ukweli, nilikwenda kwa furaha, nikakaa karibu na gurudumu nikiwa nimeshaipeleka ile taulo mbele yao.

Walianza na Nyeusi. Baba Feza akamimina kikombe, na kama desturi ilivyo akampa kwanza aliyeleta. Akampa Amisi.

Amisi akatazama kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na neno. Mwishowe akasema, samahani Baba, mimi sinywi.

Ndugu mmoja akamgeukia mwenzake. "Huyu sasa hata kutia mudomoni anakataa. Kule Wamaza angalau alitema."

Baba Feza akaanza kuinuka. Feza akaachia nguzo. Na mimi, sijui miguu ilitoka wapi, nikajikuta katikati ya ua.

"Baba," nikasema, "mbebaji ni mimi. Yeye iko motari, anaendesha tu. Hata shati iko yangu."

Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kusema mbele ya watu nikiwa sijalewa. Mtu akacheka upande wa jiko. Baba Feza akarudi kukaa.

"Kwa hiyo aliyetema iko wewe."

"Iko mimi."

"Kunywa."

Nikanywa Nyeusi, nikameza hata kabla sijasikia ladha, nikafungua mdomo kuwaonyesha ni mtupu, kama mtoto. Wakanywa wao. Ndugu zake walizungumza juu ya kahawa na mkate ulioungua, kwa wema, na mama mmoja akaomba kikombe kingine. Baba Feza alimaliza chake. Akanyoosha kidole kwenye taulo.

Nilimwomba aiache Chungu ipumzike kwanza, imetikiswa sana. Alisema yeye amengoja tangu mvua za kwanza. Akaifungua. Povu likaruka mpaka juu ya kiti, likamwagika kwenye mkeka, yeye akiifunika kwa kiganja na povu likipita katikati ya vidole, na ilipotulia ilibaki kikombe kimoja, nacho hakikujaa. Nikanywa changu kidogo kabisa, nikameza. Uchungu ule niliusikia mpaka kwenye masikio.

Baba Feza akachukua yote iliyobaki akaitia kinywani. Mashavu yakajaa. Hakumeza. Akazungusha, kushoto, kulia, akinitazama machoni, na mimi nikajua anafanya nini. Anafanya kama mimi. Ataitema mbele ya ukoo wote, na Yaya yuko Kasongo anaosha chupa akiimba.

Kwa mdomo uliojaa akaashiria kwa mkono. Feza akaja, akapiga magoti. Baba yake akamshika vifundo vya mikono, akavigeuza viganja juu, na akapuliza Chungu yote, pfuu, juu ya viganja vya mwanawe, na kifuani, na usoni.

Nilimwona nyanya yangu pale. Wallahi nilimwona.

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Baba Feza akajifuta midomo, na macho pia, akasema ni povu.

"Nimeionja vile wewe unaonjaka," akaniambia. "Iko muzuri ile njia. Mutu anasikia sana."

Kwa kuwa Yaya atauliza, nikajikaza nikaomba alama. Alifikiri. Nyeusi, alisema, ni ya wageni, tutainywa siku ya arusi, alete nyingi. Ya pili haipi namba.

"Ile iko ya siku ya kumutoa mutoto," akasema. "Ingekuwa tamu, ningejua yaya yako hajui anachoniomba."

Walituchinjia kuku na Amisi akaongea mpaka jua likazama. Lakini mimi nilikuwa ninamtazama Feza. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayebeba sinia, povu linakauka kwenye viganja vyake. Dada zake walimlisha bugali kwa mikono yao, wakimcheka. Hakupangusa.

Haya, nimemaliza, na vidole vinaniuma. Anayeleta barua hii anawaletea pia chupa mbili, ameapa ataziweka juu ya mapaja yake. Ziacheni zipumzike kwanza. Halafu mniandikie, kila mmoja kwa mkono wake, hata mistari michache, mseme mmeipa Chungu ngapi na kwa nini. Msinipigie simu, nitasema tu "vizuri". Na ninyi watatu msibishane mbele ya aliyeileta, na kama haikuwapendeza, mezeni.

Mdogo wake Yaya